Hiyo "it" ni ipi hasa?

Kwenye podkasti tuliucheka sana ule ujumbe wa kazini: "Take the key out of the box and send it to Deira." Sasa kipelekwe kipi, ufunguo au sanduku? Sisi wa Dubai tunashinda na hii "it", maana ofisi nyingi huku zinaongea Kiingereza ambacho si cha mama wa mtu yeyote mle ndani.

Ila jamani, Waingereza wenyewe walishakwama hapo. Miaka elfu moja na zaidi iliyopita walisema "he" kwa mwanamume, "heo" kwa mwanamke na "hie" kwa watu wengi. Matamshi yakasogeleana, hadi sehemu nyingine hujui anasemwa bwana, bibi au ukoo mzima. Wakaazima! "They" ilitoka kwa watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9. Haikuenea mara moja: Chaucer, karne ya 14, aliandika "they", lakini pale ambapo leo tunasema "them" yeye aliandika "hem". "She" nayo, wataalamu bado wanabishana ilikotoka.

Kwa vitu mambo yalikwenda kinyume. Zamani hizo kila nomino ilikuwa na jinsia, kama Kiarabu. Mgawanyo huo ulipokufa, ufunguo, sanduku, vyote vikatupwa kwenye "it".

Kiswahili kinatenganisha kwa silabi moja tu. Ukiambiwa "ulipeleke", ni sanduku. "Uupeleke", ni ufunguo. Lakini tusikilizeni sisi tuliozaliwa huku: gari imeharibika, kiti imevunjika, uipeleke. Bibi yangu, aliyetoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, akisikia "kiti imevunjika" hujifanya hajasikia. Tunaeleweka, sikatai, na Nairobi wengi huongea hivyohivyo. Ila hiyo "uipeleke" ndiyo "it" yetu, tumeitengeneza wenyewe, na kwa njia ileile waliyopita Waingereza.

Kwenye Kiingereza dawa ni kurudia jina: "send the key". Neno moja zaidi, na dereva hapotezi safari.

Kwa watu hata bibi hawezi kujitetea. "Mama alimwambia dada kuwa amechelewa." Nani kachelewa? Hapo ngeli haisaidii, mtaje mtu.