Mume Aliyeachiliwa 1888 na Kifungu cha 26

Wasee, twende Uingereza, 1888. Jamaa anaitwa Charles Clarence ana kisonono na anajua. Mkewe Selina hajui. Wanalala pamoja, mke anaambukizwa, jamaa anashtakiwa na kupatikana na hatia. Kesi ikafika mbele ya majaji 13. Tisa wakasema aachiliwe, wanne wakakataa. Kilichombeba ni kwamba mke alikubali tendo, na kuambukizwa ugonjwa si kupigwa. Yaani ukikubali mtu, umekubali hadi kile amekuficha? Manze. Hukumu hiyo ilikaa zaidi ya miaka 100, mahakama za huko zikaja kuiacha 2004.

Sasa rudi Kenya. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilipelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, ambaye leo ni jaji wa Mahakama ya Juu. Kifungu cha 26 kinasema hivi: ukijua uko na HIV, au ugonjwa mwingine wa zinaa unaohatarisha maisha, halafu ufanye makusudi kitu cha kumwambukiza mtu, jela si chini ya miaka 15. Inaweza kuwa maisha. Na haijalishi kama mmeoana. Hapo ndipo ile hoja ya Clarence inazikwa, ingawa kisonono chake kingezua ubishi, kwa sababu kinatibika.

Cheki hii lakini. Sheria hiyo hiyo, kwenye kifungu cha 43, inawatoa waliooana kwenye kosa la ubakaji. Bunge lilimnyima mume ruhusa moja likamwachia nyingine.

Shida yangu kubwa iko kwa neno "kujua". Nani hujua kwanza? Mara nyingi ni mama mjamzito, kwa sababu kliniki humpima. Bwanake hajawahi kukanyaga hapo. Siku wakikosana, ni karatasi ya nani itaonyesha tarehe ya mapema? Ya mama. Hata kama virusi vililetwa na yule mwingine.

Na tena kifungu hakitaki hadi mtu aambukizwe. Kitendo "kinachoweza" kuambukiza kinatosha. Leo mtu anayemeza ARV vizuri hadi virusi visionekane kwa kipimo hamwambukizi mpenzi wake. Hiyo 2006 haikuandikwa.

Kulikuwa na sheria nyingine ya 2006, ya HIV, iliyomlazimisha mwenye virusi kumwambia kila anayeshiriki naye ngono, na kumruhusu daktari aende aseme. Mahakama Kuu ilikitupa kifungu hicho 2015: hakikueleza unayepaswa kumwambia ni nani hasa, na kilivunja haki ya faragha. Watu wanaoishi na HIV wakajaribu kukiondoa cha 26 pia. 2022 korti ikakataa.

Mimi singekifuta. Anayejua, anaficha na anataka kukuumiza, afungwe. Ningetoa tu hilo neno "kinachoweza".

Na kama umegundua leo kuwa mtu alikuficha jana, polisi watangoja. Kimbia hospitali uombe PEP, uko na saa 72.