Uchaguzi wa Wilaya ya Lowndes, Alabama

Imeonekana vema katika taarifa ya mwaka huu wanachama na wazee wetu wapate habari za uchaguzi wa serikali ya wilaya katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Wengi wetu hufuata habari za uchaguzi wa Rais wa huko. Lakini anayekadiria kodi ya shamba la mtu, anayekuja kumkamata usiku, na anayeamua mtoto wake asome katika jengo la namna gani, ni watu waliochaguliwa wilayani.

Mwanzoni mwa mwaka 1965 Wilaya ya Lowndes ilikuwa na watu wapatao 15,000, na katika kila watano, wanne walikuwa weusi. Hata mmoja wao hakuwamo katika daftari la wapiga kura. Wazungu walioandikwa, kwa upande wao, walizidi hesabu ya wazungu wazima waliokuwapo. Wazee wataelewa bila kuelezwa. Mtu mweusi alipokwenda kujiandikisha alipewa mtihani, na msahihishaji alikuwa mzungu yuleyule asiyetaka aandikwe. Mwezi wa Machi John Hulett na mhubiri mmoja kipofu waliandikwa, wakawa wa kwanza.

Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya tarehe 6 Agosti 1965 iliusimamisha mtihani huo, na maafisa wa serikali kuu wakaja kuandika watu. Ndipo gharama yake ilipojulikana. Wengi walilima mashamba ya wazungu kwa kugawana mavuno, na aliyejiandikisha aliambiwa ahame. Waliofukuzwa walisimamishiwa mahema kando ya Barabara Kuu ya 80, wengine wakakaa humo karibu miaka miwili, na usiku walipigwa risasi kutoka motokaa zilizopita. Hata hivyo majina hayakufutwa.

Mwaka 1966 chama cha Democratic wilayani kilipandisha ada ya wagombea. Ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, ilitoka dola 50 ikawa dola 500. Watu wa Lowndes wakaunda chama chao wenyewe. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, kila chama kilikuwa na alama yake. Ile ya Democratic wa Alabama ilikuwa jogoo mweupe (si jogoo yule tuliyemzoea sisi), nao wakachagua chui mweusi. Vijana wa SNCC waliowasaidia walichapa vijitabu vya picha vikieleza kazi ya sherifu, ya mkadiriaji wa kodi na ya baraza la shule. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo la busara kupita yote, maana mtu hawezi kumchagua vizuri mwenye kazi asiyoijua. Tarehe 3 Mei watu wapatao 900 walikutana kanisani Hayneville, wakateua wagombea saba.

Tarehe 8 Novemba 1966 wote saba walishindwa. Wenye mashamba walikuwa wamewapakia wakulima wao katika malori na kuwapeleka kuwapigia wazungu kura. Na mtu anayelala katika nyumba ya bwana shamba, mbele yake kuna mahema yale, ni vigumu kumlaumu.

Mwaka 1970 John Hulett aligombea usherifu, akashinda. Alikaa katika kazi hiyo miaka 22.