Nakala za Akiba na Kurejeshwa Kwake: Historia Fupi

Wasomaji wa karatasi hizi hawana haja ya kufundishwa thamani ya nakala. Sehemu kubwa ya tenzi tulizo nazo leo haikutufikia kwa mikono ya watungaji wenyewe, bali kwa mikono ya wanakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi kwa hati za Kiarabu, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Na kwa kazi hiyo mashairi ambayo huenda yangaliliwa na mchwa yangali yakisomwa hata leo. Lakini siku hizi maandishi ya namna hiyo, pamoja na kamusi, masimulizi yaliyorekodiwa na makala yetu wenyewe, hukaa ndani ya kompyuta. Na kompyuta ina mchwa wake. Kwa hiyo yafaa kuuliza: vitu hivyo hunakiliwa kwa njia gani, na vikipotea hurudije? Makala haya yakusudia kueleza habari hizo tangu mwanzo wake, na kuonyesha kwamba ugumu wa kazi hii haukuwa katika kuweka, bali katika kurejesha.

Hapo kwanza chombo cha kuwekea kilikuwa utepe wa sumaku. Mwaka 1952 kampuni ya IBM ilitoa mtambo wake wa kwanza wa utepe, ulioitwa 726. Na mwaka 1956 ikatoa diski ya kwanza, iliyokuwa na sahani hamsini, ambayo iliweza kuchukua herufi zipatazo milioni tano. Vitu hivi viwili vina tabia mbalimbali. Katika diski mtu aweza kwenda moja kwa moja mpaka mahali atakapo. Katika utepe hana budi kupita yote yaliyotangulia, kama mtu atafutaye aya moja katika gombo refu. Ndiyo sababu diski ikawa mahali pa kufanyia kazi, na utepe ukawa ghala. Utepe ulikuwa rahisi, waweza kutolewa ukapelekwa nyumba nyingine, wala moto wa nyumba ya kwanza usiufikie.

Katika miaka ya 1970 watu wa mfumo wa Unix walipata programu iliyoitwa dump. Programu hii ilitengeneza nakala kwa madaraja, kuanzia sifuri hadi tisa. Nakala ya daraja la sifuri ilichukua faili zote; ya daraja la juu ilichukua zile tu zilizobadilika tangu nakala ya daraja la chini yake. Hesabu hii ilipunguza sana tepe na saa za usiku, lakini ilileta taabu mpya. Mtu aliyetaka faili lake la Alhamisi alilazimika kujua nakala kamili ilifanywa lini, na nyongeza zake ni zipi, na kila moja i katika utepe gani. Mwaka 1983, katika toleo la Unix la Chuo Kikuu cha California kule Berkeley liitwalo 4.2BSD, ilitokea programu ya restore, iliyomruhusu mtu kutembea ndani ya nakala kana kwamba ni folda za kawaida, akaweka alama kwenye faili alizozitaka, kisha akaamuru zitolewe. Yote haya yalifanywa kwa maneno yaliyoandikwa kwa vidole. Hapakuwa na picha wala kipanya. Hata hivyo wazo lilikuwa limekwisha zaliwa: tembea, chagua, toa. Madirisha yaliyokuja baadaye yalilivika wazo hilo nguo tu.

Ugeni wa pili uliletwa na mtandao. Zamani chuo kilikuwa na kompyuta moja kubwa na mlinzi wake. Kisha kila mwalimu akawa na mashine yake mezani, na kila mashine ikawa na maandishi yasiyopatikana penginepo. Kumtuma mtu apite vyumbani na tepe mkononi kulikuwa jambo lisilowezekana. Katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwaka 1991, ilianza programu iitwayo Amanda, ambayo iliziwezesha mashine nyingi kupeleka nakala zao usiku kwa mashine moja yenye utepe. Werevu wake mmoja ulikuwa huu: nakala zilipokewa kwanza katika diski ya kungojea, nyingi kwa pamoja, kisha zikaandikwa kwenye utepe moja baada ya moja, ili utepe usikae bure ukisubiri mashine iliyo nzito.

Baada yake ikaja Bacula, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Kern Sibbald na John Walker, na kutolewa kwa watu wote mwaka 2002 bila kuuzwa. Programu hii imegawanya kazi baina ya watumishi wanne, na mgawanyo huo wafaa kuelezwa kwa kuwa ndani yake imo siri ya kurejesha. Wa kwanza ni mkurugenzi, ajuaye ratiba na kutoa amri. Wa pili yumo katika kila mashine inayolindwa. Yeye husoma faili na kuzituma. Wa tatu hutunza tepe au diski za ghala. Wa nne ni daftari, nalo ni hifadhidata iandikayo kila faili lililochukuliwa: jina lake, folda yake, siku yake, alama ya kuthibitisha kwamba halikubadilika, na chombo lilimowekwa. Juu ya hao wote yupo msimamizi, ambaye huzungumza na mkurugenzi kwa maandishi au kwa madirisha. Mwaka 2007 ilitolewa pamoja na Bacula programu ya madirisha iitwayo Bat. Mwaka huohuo kampuni ya Apple ilitoa Time Machine, ambamo mtu huona madirisha ya siku zilizopita yamepangwa moja nyuma ya jingine, akarudi nyuma mpaka siku ambayo faili lake lilikuwa zima.

Tutazame basi jinsi faili linavyorejeshwa kwa madirisha. Msimamizi huchagua mashine iliyopoteza, na siku anayotaka kuirudia. Programu hulisoma daftari, ikatafuta nakala kamili ya mwisho iliyotangulia siku ile, ikaongeza juu yake nakala za nyongeza zilizofuata, na ikachora mti wa folda kama ulivyokuwa. Msimamizi hufungua matawi, akatia alama kwenye faili anazozitaka, kisha akachagua mahali pa kuziweka. Hapo pana mtego. Akiziweka mahali pake pa asili, aweza kulifuta toleo jipya lililo zima kwa toleo la zamani, akafanya msiba wa pili katika kuponya wa kwanza. Kwa hiyo desturi njema ni kuzirejesha pembeni, kuzifungua na kuzisoma, ndipo zihamishwe. Tuangalie pia kwamba mti ule si nakala yenyewe. Ni sura ya daftari tu. Daftari laweza kusema faili lipo, na utepe ukawa umeharibika. Kadhalika utepe waweza kuwa mzima, na daftari likapotea. Hapo Bacula ina chombo cha kusoma tepe zote upya na kuliandika daftari tena, lakini ni kazi ya saa nyingi. Atunzaye nakala bila kutunza nakala ya daftari amejaza ghala akatupa ufunguo.

Historia imetoa mifano ya kutosha. Mwaka 1998, katika kampuni ya Pixar, mtu mmoja alitoa amri ya kufuta iliyoanza kuyala mafaili ya filamu ya Toy Story 2. Walipozikimbilia nakala za akiba waligundua kwamba utaratibu wa kunakili ulikuwa umeharibika kwa muda, wala hakuna aliyejua. Filamu iliokolewa na bibi mmoja, Galyn Susman, ambaye alikuwa amejifungua na akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na nakala yake. Ikafungwa katika mablanketi, ikapelekwa ofisini kwa gari. Mfano wa pili ni wa chuo kikuu. Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, programu iliyokuwa na kazi ya kunakili ilirekebishwa ilhali inaendelea kukimbia. Ikazifuta faili ilizopaswa kuzitunza, zipatazo milioni 34, za vikundi 14 vya watafiti. Vikundi vinne kati yao havikuweza kurejeshewa mali yao. Mlinzi ndiye aliyeibomoa nyumba.

Mifano hii miwili yatufundisha mambo matatu. La kwanza, nakala moja haitoshi. Nayo isikae pamoja na asili yake, wala isiwe chini ya amri ileile. La pili, kimya si ushahidi wa uzima: utaratibu usiolalamika waweza kuwa umekufa. La tatu, nalo ndilo kubwa, nakala ambayo haijapata kurejeshwa kwa majaribio ni tumaini tu, si akiba. Watu wa Pixar walikuwa na tepe. Walichokosa ni siku moja, kabla ya msiba, ya kujaribu kuzisoma.

Lipo jambo moja ambalo kwalo mashine yampita mwanakili wa kale. Mwanakili hubadili. Huongeza herufi, huruka mstari, hutia lahaja ya kwao. Na wataalamu wa tenzi wajua taabu ya kupatanisha nakala tatu zisizokubaliana. Mashine hupima kila faili kwa alama ya hesabu, na herufi moja ikigeuka alama haipatani tena. Lakini katika jambo jingine mwanakili aishinda mashine. Hati yake, hata ikiraruka nusu, nusu iliyobaki yasomeka kwa jicho. Nakala ya kompyuta yahitaji mtambo na programu. Kikikosekana kimoja, hakisomeki hata kilicho kizima.

Mwisho twapenda kuwaomba wenzetu wa lugha waiangalie istilahi. Katika Kiswahili cha kompyuta neno chelezo limetumiwa kwa maana ya nakala ya akiba. Asili yake ni kuelea, nalo kwa mabaharia ni kitu kieleacho, kama boya. Neno hili lina uzuri wake, maana chombo kikizama chelezo husalia juu ya maji. Lakini wengi husema nakala za akiba, nao hawakukosea, kwa kuwa msemo wa akiba haiozi wajulikana na kila mtu. Tahadhari yetu ni moja: katika kompyuta akiba huoza, na huoza pasipo harufu. Kuhusu tendo la pili, yafaa tutenge maneno mawili. Kuokoa kuwe ni kuopoa faili kutoka diski iliyoharibika, kazi ya fundi na ya bahati. Kurejesha kuwe ni kulirudisha faili kutoka nakala iliyowekwa kwa makusudi, kazi ya utaratibu. Achanganyaye maneno haya huchanganya pia matendo, akadhani kwamba kwa kuwa fundi yupo, nakala si lazima.

Maktaba zetu zimepokea kazi za wanakili waliotumia kalamu ya mwanzi na wino, nazo zimedumu kwa sababu ziligawanywa sehemu nyingi na zikasomwa na wengi. Tunaozitia leo katika kompyuta tumechukua amana ileile. Kila mwaka basi, katika siku iliyowekwa, na achaguliwe utenzi mmoja, faili lake lirejeshwe kutoka ghalani mpaka mahali pembeni, lifunguliwe, na beti zake zisomwe kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Zikisomeka, tumeweka. Zisiposomeka, ni heri kujua siku hiyo kuliko siku ya msiba.