Gamba la kome na lishe

Kome (ngeli ya A-/WA-, wingi: kome) ni mnyama laini wa majini anayekaa, kama chaza, ndani ya magamba mawili. Neno gamba lisichanganywe na ganda, litumikalo kwa yai au ndizi.

Gamba la kome ni kalisi kaboneti kwa sehemu kubwa, pamoja na protini kidogo. Kalisi hiyo kome huipata hasa katika maji yenyewe. Chakula chake, hasa mwani wa hadubini anaouchuja majini, humpa nishati ya kujengea gamba na malighafi ya protini zake. Utafiti wa Ghuba ya Kiel, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa kome wachanga walikua kwa kasi zaidi palipokuwa na chakula tele, ingawa maji ya hapo yalikuwa na hewa ya ukaa nyingi zaidi, hali inayotatiza ujenzi wa gamba.

Kwa hiyo, mfasiri akiandika “chakula hugeuka gamba”, atapotosha maana. Usemi sahihi ni: “lishe bora huwezesha ujenzi wa gamba.”