Nikolaj Jacobsen: kocha aliyekuta shamba limelimwa

Mnakumbuka Januari 2021? Ile ilikuwa mara ya kwanza Leopards wetu wa mpira wa mikono, upande wa wanaume, wanaingia mu Kombe la dunia, kule Misri. Tulipangwa kundi moja na Denmark, na Denmark wakatupiga 39 kwa 19. Watu mingi walikuwa wanamuangalia Gauthier Mvumbi wetu, yule mchezaji mwenye mwili mkubwa ambaye hata Shaquille O'Neal wa basketi alimtumia ujumbe. Lakini ku benchi ya Denmark kulikuwa mtu mmoja ambaye ni vizuri sisi wasomi tujue historia yake. Jina lake ni Nikolaj Jacobsen.

Jacobsen alizaliwa mwaka 1971 ku Viborg. Alikuwa winga wa kushoto, na mu 1998 akaingia timu ya THW Kiel, ku Ujerumani. Pale alibeba shampiona ya Ujerumani mara tatu: 1999, 2000 na 2002. Ile shampiona njo yenye watu wanasemaka ni ngumu kupita zote duniani. Lakini ku timu ya taifa mambo hayakuwa hivyo. Mu 2002 walipata medali ya shaba ya Ulaya, basi. Tangu 1984 mpaka 2008 wanaume wa Denmark hawakukanyaga michezo ya Olimpiki. Kwa hiyo Jacobsen, pamoja na ufundi wake wote, hakucheza Olimpiki hata siku moja.

Kiisha kuacha kucheza, akaingia kazi ya kufundisha. Mu 2013 alifanya Aalborg kuwa bingwa wa Denmark. Na hapa njo nataka mfuate vizuri, sababu kuna jina lingine linaingia.

Ku Ujerumani kulikuwa timu inaitwa Rhein-Neckar Löwen. Kocha wake alikuwa Guðmundur Guðmundsson, mtu wa Islandi. Alijenga ile timu miaka mingi, na mu 2013 wakachukua kombe la EHF la Ulaya. Mu 2014 walimaliza shampiona na pointi sawa na Kiel. Wakahesabu tofauti ya magoli: Kiel aliwapita na magoli mawili tu. Msimu muzima, magoli mawili! Guðmundsson akaondoka bila ule ubingwa, akaenda kufundisha timu ya taifa ya Denmark. Mtu aliyechukua nafasi yake ku Löwen ni Jacobsen. Mu 2016 Löwen wakawa mabingwa wa Ujerumani kwa mara ya kwanza katika historia yao, na mu 2017 wakarudilia.

Ule mwaka wa 2016, Guðmundsson naye aliipa Denmark zahabu ya Olimpiki ku Rio, ya kwanza kwa wanaume wao. Lakini Januari 2017 Hungaria ikawatoa mapema mu Kombe la dunia, na ule mwaka akaacha kazi. Nani alichukua nafasi yake? Tena Jacobsen.

Kwa hiyo mara mbili huyu mtu aliingia mu shamba lenye mwingine alikuwa amelima. Wengine watasema: basi alivuna tu jasho la mwenzake. Mimi sikubali. Kurithi kitu kizuri bila kukiharibu ni kazi, na kukiongezea ni kazi kubwa zaidi. Denmark walikuwa wamefika finali ya Kombe la dunia mara tatu, 1967, 2011 na 2013, na mara zote walipoteza. Jacobsen hakufukuza wakubwa aliowakuta. Mikkel Hansen na golikipa Niklas Landin, wote mabingwa wa Rio, walibaki nguzo za timu. Mu 2019, kwao ku Herning, wakapiga Norwe 31 kwa 22 na kuwa mabingwa wa dunia mara ya kwanza.

Mwaka uliofuata, aibu. Mu Kombe la Ulaya la 2020 mabingwa wa dunia walipoteza na Islandi, wakatoka sare na Hungaria, wakarudi nyumbani kutoka kundi la kwanza. Hapa njo ningependa sisi Wakongomani tusimame kidogo. Kwetu, kocha wa namna ile angelala bila kazi. Federasio ya Denmark ilimuacha aendelee. Mwaka mmoja nyuma yake alikuwa Misri, mbele ya Leopards wetu, na akarudi na kombe. Tena katika ile safari alikuwa amepanda mbegu mpya: Mathias Gidsel, kijana wa miaka 21, mashindano yake makubwa ya kwanza.

Mengine mnayajua ama mtayasikia. Bingwa wa dunia tena mu 2023, mbele ya Ufaransa. Zahabu ya Olimpiki ya Paris mu 2024, kwa kupiga Ujerumani 39 kwa 26, na Gidsel akachaguliwa mchezaji bora. Kiisha Paris, Hansen na Landin wakaaga timu ya taifa. Watu wakangoja ianguke. Mu 2025 ikapiga Kroatia 32 kwa 26 na kubeba Kombe la dunia mara ya nne mfululizo. Hakuna nchi ya wanaume iliyofanya hivyo mbele yake.

Najua, Denmark ina pesa, ina klabu na viwanja. Lakini ni nchi ya watu kama milioni sita, Kinshasa peke yake inawapita mbali. Pesa haielezi yote.

Niseme kitu nilichoona na macho yangu. Mu mradi mmoja wa kahawa, msimamizi mpya alifika akakuta pepinieri nzuri, miche iko karibu kutolewa. Aliacha ikauke, sababu iliitwa pepinieri ya yule aliyemtangulia. Wakulima walingoja misimu miwili tena. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Udongo hauanzi siku wewe unafika. Sisi wenye lisansi, kesho tutapewa ofisi, mashule, miradi, hata timu. Swali langu ni moja tu: siku utakalia kiti cha mwingine, utaanza kwa kung'oa, ama utaangalia kwanza nini kimeota?