Jiwe Linalovuta Majivu

Muuzaji wa vito akiweka tumalini dirishani chini ya taa kali, baada ya siku chache ataikuta imeshika vumbi kuliko mawe ya jirani. Ataipangusa, vumbi litarudi. Si uchafu wa duka. Jiwe hili likipata joto, ncha moja huwa na chaji chanya na nyingine hasi, na vumbi linavutwa.

Waholanzi waliyaona haya mwanzoni mwa karne ya 18, mawe yalipowafikia kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo. Wakaliita jiwe "kivuta majivu", maana walilitumia kutoa majivu kwenye viko vyao vya tumbaku. Mwaka 1756 Franz Aepinus alionyesha kwamba ncha zake zina chaji zinazopingana, na jina lake likaingia vitabuni. Ceylon iliambulia neno tu: "tumalini" lina asili ya Kisinhala.

Halafu Paris, 1880. Jacques na Pierre Curie, vijana wa miaka ishirini na kitu, wakajiuliza: kama joto linatoa umeme, je, kulikandamiza jiwe? Wakajaribu tumalini, kwatsi, topazi, hata fuwele za sukari ya miwa. Umeme ukatoka. Siri iko kwenye mpangilio wa atomi: usipokuwa na ulinganifu, ukiubana chaji inasogea upande mmoja. Almasi, pamoja na maringo yake yote, imepangika sawasawa mno; ibane utakavyo, haikupi kitu.

Mimi napenda zaidi kilichofuata. Marie, mkewe Pierre, alipotaka kupima miale ya urani, umeme wake ulikuwa hafifu mno. Basi akatundika vizito kwenye kipande cha kwatsi, kikatoa chaji kiasi anachokijua, akailinganisha na ule wa miale. Kwa kipimo hicho alifuata njia iliyomfikisha kwenye poloni na radi mwaka 1898. Watu wanakumbuka radi, kwatsi hawaitaji.

Kwatsi hufanya na kinyume chake: itie umeme, itatetemeka, kwa mpigo usioyumba. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, redio za jeshi la Marekani zilihitaji vipande vyake kwa mamilioni, na karibu kwatsi yote safi ilitoka Brazil, ikichimbwa kwa sururu na mikono. Taifa kubwa kutegemea mashimo ya watu wengine? Hilo liliwakosesha usingizi. Baada ya vita maabara zao zikaongeza bidii, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 kiwanda kilikuwa kinaotesha kwatsi ndani ya mitungi ya chuma, kwenye maji ya magadi yenye joto na shinikizo kali, kwa wiki kadhaa.

Saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi, Seiko Astron, iliuzwa Tokyo Desemba 1969 kwa bei ya gari dogo. Leo unaipata ya bei ya chakula cha mchana, fuwele yake ikitetemeka mara 32,768 kwa sekunde.

Na Brazil? Iliendelea kuuza kwatsi, ila sasa vipande vilivyovunjwavunjwa, vya kuyeyushwa mitungini ili fuwele ya kiwandani iote. Mchimbaji ni yuleyule na mwamba ni uleule. Kilichoshuka ni bei ya kilo.