Kambini, Kila Simulizi Lilikuwa na Faili

Mkimbizi wa kambi ya Mtabila, mkoani Kigoma, alikuwa mzoefu wa kujieleza. Alijieleza alipovuka mpaka kutoka Burundi, akajieleza alipoandikishwa ili apate kadi ya mgao, na mwaka 2011 akaitwa tena, familia baada ya familia, aseme kwa nini bado anahitaji hifadhi. Mahojiano hayo, yaliyoendeshwa na Serikali ya Tanzania pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), yaliamua kwamba takriban watu 38,000 hawakuwa tena na sababu ya kuitwa wakimbizi. Karibu 2,700 tu ndio waliobaki na hadhi yao. Hadhi ya wale wengi ilikoma Agosti 2012, mwisho wa Oktoba wakaanza kurejeshwa kwao kwa wingi, na mwaka haukuisha kambi ikawa imefungwa. Kwa vijana wengi wa Kitanzania leo, Mtabila ni jina la kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Naanzia kwenye mahojiano hayo kwa sababu historia ya tiba ya mazungumzo katika nyanda za Kigoma mara nyingi husimuliwa kombo. Husemwa kwamba watu wa huku walikuwa wakifa na jambo moyoni hadi mashirika yalipokuja kuwafundisha kuongea. Si kweli. Warundi waliokimbia baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 walitoka katika nchi yenye bashingantahe, wazee wenye heshima waliosikiliza ugomvi wa mipaka, wa ndoa na wa urithi, kisha wakatoa uamuzi. Dini nazo zilikuwa na maungamo, mawaidha na maombi. Halafu likaja janga la UKIMWI, na pamoja nalo ushauri nasaha ambao Watanzania wengi waliufahamu kupitia vituo vya Angaza: unazungumza na mshauri, unapimwa, unapewa majibu. Maneno hayakuwa haba. Ila kila mazungumzo yalikuwa na kitu mwishoni: hukumu, toba, majibu ya damu, au muhuri kwenye faili. Tiba ya mazungumzo ilileta mahali ambapo mtu anasema na hakuna kinachoamuliwa juu yake, na hoja yangu ni kwamba nguvu yake, kwa sehemu kubwa, imo humo.

Ushahidi wa awali haukutoka kambini. Ulitoka kusini mwa Uganda, katika vijiji vya Rakai na Masaka vilivyokuwa vimepukutishwa na UKIMWI. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe huzuni iliyokithiri wanaielezaje na dalili zake ni zipi. Baada ya hapo ndipo walipochagua vijiji 30 kwa kura, vingine vipate tiba ya vikundi na vingine visubiri. Kikundi kilikuwa cha wanawake watupu au wanaume watupu, kikikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, na kiongozi wake alikuwa mtu wa eneo hilo aliyepewa mafunzo, asiye daktari. Kilichozungumzwa ni yale yanayomkuta mtu yeyote: msiba usioisha, ugomvi na mume au jirani, maisha yaliyobadilika ghafla. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya waliokuwa vikundini walikuwa na dalili za sonona. Baada yake, asilimia 6.5. Waliosubiri walishuka pia, kutoka 94 hadi karibu 55, na hilo lisifichwe, kwa sababu linaonyesha kwamba muda nao huponya. Lakini kati ya 6.5 na 55 kuna pengo ambalo muda peke yake hauwezi kulieleza.

Kwa wakimbizi, kesi iliyo karibu zaidi na Mtabila ni ya Nakivale, magharibi mwa Uganda, miongoni mwa Wanyarwanda na Wasomali. Huko walifundishwa washauri kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Njia mojawapo waliyoitumia inafaa kutazamwa kwa karibu. Mtu anawekewa kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Anapanga mawe juu yake mahali palipotokea mabaya, na maua palipotokea mema: harusi, mtoto wa kwanza, mavuno mazuri. Kisha, kikao baada ya kikao, anasimulia kwa mfuatano, jiwe kwa jiwe, naye mshauri anaandika. Kikao kinachofuata kinaanza kwa kumsomea yale yaliyoandikwa, asahihishe na kuongeza. Mwishoni anasomewa yote, kisha anakabidhiwa karatasi zake. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, asilimia 70 ya waliopitia njia hii hawakuonekana tena kuwa na ugonjwa wa kiwewe, dhidi ya asilimia 37 ya waliofuatiliwa tu bila tiba. Jambo la kuvutia ni kwamba waliopata ushauri wa kawaida zaidi, bila kamba wala mawe, walifikia asilimia 65. Huenda basi mbinu si kitu kikubwa kama wenye mbinu wanavyodhani.

Linganisha na meza ya mahojiano ya mwaka 2011. Huko nako mtu alisimulia na mwingine akaandika, lakini karatasi zilikwenda ofisini, na kusahau tarehe kungeweza kumgharimu hifadhi. Mtu anayehojiwa hivyo hujifunza haraka kipi kisemwe na kipi kimezwe. Huchonga simulizi lake lilingane na kanuni, na baada ya miaka ya kulichonga huweza kusahau kwamba kulikuwa na jingine. Sisemi maofisa walikosea kuuliza. Kazi yao ilikuwa kuamua. Nasema kuamua na kusikiliza ili kuponya ni kazi mbili, na haziwezi kufanywa na mtu mmoja.

Wapo wanaouliza, na kwa haki, maneno yatamshibisha nani. Daktari wa akili wa Uingereza, Derek Summerfield, aliandika mwaka 1999 kwamba miradi ya kiwewe inageuza mateso ya vita kuwa ugonjwa wa mtu mmoja mmoja, huku kinachohitajika ni haki, ardhi na riziki. Nakubaliana naye zaidi ya nusu. Hata mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2007 kuhusu afya ya akili katika dharura unaweka usalama na mahitaji ya msingi chini kabisa, kama msingi wa mengine yote. Kumpa ushauri mama ambaye mgao wake umekatwa, kana kwamba tatizo ni mawazo yake, ni kumdhihaki. Lakini wanavijiji wa Rakai hawakutajirika katika zile wiki 16. Umaskini ulibaki palepale, watu wakaamka kitandani na kurudi shambani. Mtu aliyezama katika sonona hata shamba akipewa halilimi.

Pingamizi la pili ni kwamba kuongea hutonesha kidonda. Hapa wanaopinga wana ushahidi wao: kumkalisha mtu kikao kimoja mara tu baada ya janga na kumtaka aeleze kila kitu kumeonekana hakusaidii, na Shirika la Afya Duniani limekataza. Jibu ni mpangilio: vikao kadhaa, kwa hiari, na mtu yuleyule. Mashariki mwa Kongo, wanawake waliobakwa walipewa tiba ya vikundi kwa mtindo huo, na miezi sita baadaye asilimia 9 tu walikuwa na dalili nzito za sonona au wasiwasi, ilhali kwa waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja walikuwa 42. Kutokana na ujuzi huo, wanawake wa Kikongo katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, waliandaliwa mpango wa vikao 8 ulioitwa Nguvu, ukiwahusisha watafiti wa Muhimbili, kwa wale waliopigwa na wenzi wao. Ulikuwa wa kupima kama jambo lenyewe linawezekana, kwa hiyo usichukuliwe kuwa ithibati.

Ama kwamba hii ni tiba ya kigeni, ugeni wake huisha pale inapoongozwa na jirani. Kiha na Kirundi husikilizana. Mshauri wa Kibondo anaweza kumsikiliza Mrundi aliyekimbilia kambi ya Nduta bila mkalimani, faida ambayo Waingereza au Wafaransa hawawezi kuinunua. Kinachonitia hofu ni faili. Tangu 2017 Warundi walioingia upya baada ya machafuko ya 2015 wamekuwa wakihimizwa kurejea kwao, na katika hali hiyo mshauri ni mtu anayejua nani anaota ndoto mbaya, nani anaogopa kijiji gani, na kwa nini. Daftari lake likianza kusomwa kwenye ofisi ya kambi, au yeye akitumwa kuwashawishi watu wajiandikishe kuondoka, watu watarudi kwenye ujuzi walioupata Mtabila wa kusema kinachofaa na kumeza kingine. Kwa hiyo anayefadhili huduma hizi kambini aulizwe kwanza mambo mawili ya kawaida kabisa: mshauri anasimamiwa na nani, na karatasi zinabaki kwa nani kikao kikiisha.